Kichwa cha Kwanza Hakinunuliwi Kivute Mizigo

Hotuba kwa mafundi, madereva na wanafunzi wa ufundi wa umeme na mitambo, Mwanza

Mwangaluka! Na kwa mliovuka asubuhi kutoka upande wa Kamanga, poleni na safari. Itifaki imezingatiwa, tuingie kazini.

Wapo hapa wazee walioila chumvi kwenye reli ya zamani, hii ya upana wa mita moja iliyofika Mwanza mwaka 1928, na wapo vijana ambao hawajawahi kufungua kifuniko cha mota. Mada inawahusu nyote: vichwa vya treni vya umeme vya toleo la kwanza vinajaribiwaje vikiwa kazini, na vinarekebishwaje. Kipande cha reli ya kisasa cha Mwanza hadi Isaka, kilichowekewa jiwe la msingi Juni 2021, kina kilomita 341. Njia kuu ni 249, zilizobaki ni za kupishania. Mfumo ni uleule ulioanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024: volti 25,000, mkondo geu wa hezi 50, reli za upana wa milimita 1,435.

Kuna kipande cha kaboni kinapita mkononi mwenu kuanzia safu ya mbele. Kimetoka juu ya pantografu, ule mkono wa paani unaochukua umeme, ndicho kinachogusa waya. Kiangalieni vizuri, mkigeuze, kisha mpitishie mwenzako. Tutakirudia mwishoni.

Kichwa cha majaribio ni kile cha kwanza, au vile vitatu vinne vya kwanza, vinavyoundwa kabla kiwanda hakijaruhusiwa kuunda vingine. Mhasibu akikiona kwenye kitabu chake anakihesabu kama mali ya kuvuta mizigo, na ugomvi unaanzia hapo. Kiwandani mnapima kama kichwa kimeundwa kama mchoro ulivyosema. Njiani mnapima kama mchoro wenyewe ulisema kweli. Ukikipangia ratiba kamili tangu wiki ya kwanza, kila hitilafu itafunikwa ili treni isichelewe, na hitilafu iliyofunikwa kwenye kichwa kimoja itakurudia imezaliana kwenye vichwa ishirini.

Hata hizo volti 25,000 ni mtoto wa majaribio ya namna hiyo. Mwaka 1936 Wajerumani walitundika nyaya za volti 20,000, hezi 50, kwenye reli ya milimani ya Höllental karibu na Freiburg. Wakaweka vichwa vinne, kila kimoja na mfumo wake wa umeme, vivute treni za kawaida kwenye mlima uleule. Vita vilipokwisha eneo lile likawa chini ya Wafaransa. Wakayasoma matokeo, wakajaribu wenyewe kwenye njia ya Aix-les-Bains hadi La Roche-sur-Foron, ndipo katikati ya miaka ya 1950 wakaja na volti 25,000 kwenye njia ya mizigo mizito kati ya Valenciennes na Thionville. Faida yake mnaijua: hezi 50 ndiyo umeme wa gridi, hauhitaji mitambo mingine ya kuugeuza kabla haujafika kwenye waya wa treni.

Majaribio ya kusimama tutayapita haraka, maana kila kiwanda kinayajua. Kichwa kinapimwa uzito gurudumu kwa gurudumu. Kinamwagiwa maji kama mvua ya masika, watu wakiwa ndani na tochi wanatafuta panapovuja. Kinga ya nyaya inapimwa kwa mega, yaani kipima kinga ya umeme, breki inajazwa hewa na uvujaji unahesabiwa kwa saa. Pantografu inavutwa kwa mizani ya springi hadi msukumo wake uwe takriban nyutoni 70. Hapo tu tuongeze neno: pimeni ikipanda na ikishuka, msipime ikipanda peke yake. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo msuguano wa viungo vyake, na pantografu yenye viungo vizito itachelewa kuufuata waya unaposhuka na kupanda.

Kazi yenyewe inaanza kwenye kushika reli. Chukua kichwa cha ekseli nne chenye tani 88, yaani tani 22 kwa ekseli. Reli ikiwa kavu, mgawo wa mshiko wa 0.33, yaani theluthi ya uzito wake kugeuka mvuto, unakupa mvuto wa kilonyutoni 285. Kifungie mabehewa ya tani 1,500 kwenye mwinuko wa mita moja kwa kila mita mia. Mlima peke yake unadai kilonyutoni 156, msuguano wa treni nzima unadai nyingine kama 32, jumla 188. Una akiba nzuri ya kuongezea mwendo. Sasa ngoja alfajiri. Umande umelala juu ya reli, umechanganyika na vumbi na matone ya mafuta ya mabehewa yaliyopita jana. Mshiko umeshuka hadi 0.15, mvuto uliobaki ni 129. Treni haiondoki, na hakuna hata nati moja iliyoharibika. Msishangae pia kwamba manyunyu ni mabaya kuliko mvua kubwa: mvua kubwa inaosha reli, manyunyu yanakoroga uchafu kuwa utelezi.

Kwa hiyo jaribio la mshiko halifanywi mchana wa jua kali, ukapiga picha ukaondoka. Treni inasimamishwa mlimani ikiwa na mzigo wake kamili, maji ya sabuni yananyunyizwa mbele ya gurudumu la kwanza, dereva anaondoa. Kinachorekodiwa ni mwendo wa kila ekseli, umeme wa kila mota, mwendo halisi wa treni kwa rada au kwa setilaiti, na mchanga uliotumika. Ekseli ya mbele ndiyo itakayoteleza kwanza, kwa kuwa kichwa kikivuta kinainua pua na kukalia nyuma. Programu nzuri inaipunguzia nguvu kidogo ekseli hiyo na kuziongezea za nyuma. Programu mbaya inakata nguvu ya mota zote nne kwa pamoja, kisha inazirudisha kwa pamoja, na treni inaruka ruka kama punda aliyegoma hadi kiunganishi cha behewa kikatike.

Mchanga nao una mambo yake. Kijana atasema ziwa hili hapa, mchanga tele. Mchanga wa ufukweni una unyevu, punje zake hazilingani, una magamba ya konokono. Ukiingia kwenye tanki unaganda na kuziba bomba. Unaotakiwa ni mgumu, mkavu, uliochekechwa. Mdomo wa bomba uelekezwe pale gurudumu linapokutana na reli. Ukipinda sentimita chache tu, mchanga wote unaishia kwenye kokoto. Na usimwagwe kupita kiasi: tabaka nene la mchanga linatenganisha gurudumu na reli, na palipo na mitambo ya ishara inayotegemea umeme upite kutoka reli moja hadi nyingine kupitia ekseli, treni inaweza isionekane kabisa.

Kuna kosa moja dogo linalotesa vichwa vipya, na mara nyingi lawama huiangukia programu. Kwenye vichwa vingine inveta moja, kifaa kinachoipa mota umeme wa hezi inazohitaji, inalisha mota mbili za bogi moja, yaani fremu moja ya magurudumu. Mota hizi zinapata hezi zilezile, na zinafanya kazi kwa kuchelewa kidogo nyuma ya hezi hizo, kama asilimia 1 zikiwa na mzigo kamili. Gurudumu jipya lina kipenyo cha milimita 1,250. Tuseme ekseli moja imechongwa hadi 1,245 na jirani yake haikuguswa. Tofauti ni asilimia 0.4. Inaonekana si kitu, lakini katika ile asilimia moja ya kuchelewa ni karibu nusu! Gurudumu dogo linazunguka haraka zaidi, mota yake haichelewi vya kutosha, inavuta kidogo. Lile kubwa linabeba mzigo wa mwenzake na mota yake inachemka. Fundi anabadilisha sensa ya joto, anabadilisha feni, anabadilisha hata mota, na joto liko palepale. Dawa yake ni kipimo cha kipenyo cha shilingi kidogo na sheria ya karakana: magurudumu ya bogi moja yachongwe pamoja, na vipenyo vipya viingizwe kwenye kompyuta ya kichwa kabla hakijatoka mlangoni. Wangapi wanasahau hiyo hatua ya pili? Wengi mno.

Tuje kwenye umeme wa juu. Zikisemwa volti 25,000, hilo ni jina tu. Kwa viwango vya kimataifa waya unaweza kukaa kati ya 19,000 na 27,500 siku nzima, ukashuka hadi 17,500 kwa muda mfupi, na ukapanda hadi 29,000 kwa dakika chache. Mwisho wa mstari, mbali na kituo cha kupoza umeme, treni mbili zikipanda mlima pamoja, volti zinashuka. Kichwa kinatakiwa kijipunguzie chenyewe umeme kinaochota. Upande wa pili, treni ikishuka mlima kwa breki ya umeme inarudisha umeme kwenye waya, na pasipo treni nyingine ya kuutumia, volti zinapanda. Kichwa kikishindwa kuacha kurudisha kwa wakati, breka, yaani swichi kuu ya kichwa, inakatika, breki ya umeme inapotea ghafla, na breki ya hewa inatakiwa ichukue mzigo wote papo hapo. Jaribuni jambo hilo kwa makusudi, treni ikiwa na mzigo, kwa mwendo mdogo kwanza. Mhesabu sekunde kati ya breki moja kuachia na nyingine kushika. Dereva wa kichwa cha majaribio lazima aijue sekunde hiyo kwa mgongo wake.

Breka hiyohiyo inafunguliwa na kufungwa kila treni inapopita kipande mfu, pale waya wa kituo kimoja cha umeme unapoishia na wa kingine kuanza. Vituo hivi vinachota kutoka fezi tofauti za gridi, haviruhusiwi kugusana, ndiyo maana katikati pamewekwa kipande kisicho na umeme. Treni inapita kwa kuserereka. Tatizo liko upande wa pili: breka inapofungwa, transfoma inaweza kuvuta kwa sekunde chache umeme mara kadhaa ya kawaida yake, hata kama mota hazijaanza kazi. Kinga isiyofunzwa kutofautisha mshtuko huo na shoti halisi itakata. Dereva anafunga tena, inakata tena, treni inapoteza mwendo na kusimama ndani ya kipande mfu chenyewe. Hapo hakuna umeme wa kujitoa, mpaka uvutwe.

Na msidhani kichwa kikifaulu peke yake kimefaulu. Mwaka 1995 huko Zürich, Uswisi, vichwa vipya kadhaa vyenye inveta vilijizima. Kila kimoja kilikuwa kizima. Vilipokuwa vingi kwenye mtandao mmoja, programu zao zilianza kuujibu mtikisiko wa volti kwa namna iliyouzidisha mtikisiko huo badala ya kuutuliza, hadi kinga zikakata. Wahandisi wa Ulaya waliondoka hapo na masharti mapya ya kupima kila kichwa kwa hezi nyingi, si ile ya waya peke yake. Kwetu maana yake ni hii: jaribio la mwisho liwe na vichwa vingi kadiri iwezekanavyo kwenye kipande kimoja cha waya, vikianza na kufunga breki kwa zamu na kwa pamoja.

Sasa ziwa. Hapa hakuna kitabu cha kiwanda kitakachotusaidia sana.

Mnawajua wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi, mpaka mtu wa visiwani anadhani kuna kitu kinaungua. Huzidi siku za mwezi mwandamo. Wavuvi wa dagaa wanahesabu giza na mbalamwezi kwa ajili ya karabai zao. Mtu wa majaribio naye aweke kalenda hiyohiyo mezani, maana taa kubwa za mbele ya kichwa ni karabai tosha. Kichwa cha umeme kinavuta hewa nyingi ya kupoza mota na transfoma, na wadudu watavutwa pamoja nayo. Marekani iliwahi kufundishwa somo hili kwa theluji. Vichwa vya GG1 vya reli ya Pennsylvania vilianza kazi mwaka 1934 na kusifiwa kila upande. Februari 1958 ikaanguka theluji laini kama unga. Ikapenya filta, ikayeyuka ndani ya mota, shoti zikafuatana, vichwa vingi vikalazwa. Ikabidi matundu ya kuvutia hewa yahamishiwe juu. Miaka 24 kazini, na bado kulikuwa na hali ya hewa ambayo hakuna aliyeijaribu.

Kipimo chake si cha gharama. Chukua mrija mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, ukunje kama herufi U, utie maji yenye rangi kidogo. Ncha moja iwe mbele ya filta, nyingine nyuma yake, feni ikiwa kwenye mwendo kamili. Andika tofauti ya vimo vya maji filta ikiwa mpya. Milimita 10 ni kama paskali 98. Pima tena kila jioni ya siku za wadudu. Tofauti ikiongezeka maradufu mnajua filta imeziba kiasi gani, na mtaweza kumwambia mtengenezaji kwa namba kwamba ratiba yake ya kusafisha haitoshi huku. Maneno kama "huku wadudu ni wengi sana" hayajawahi kubadilisha mchoro wowote.

Ndege nao. Mwaka 2024 ilipotangazwa kwamba ngedere na bundi walisababisha hitilafu ya umeme kwenye njia ya kwenda Dodoma, watu wengi walicheka. Fundi wa umeme hawezi kucheka. Juu ya paa la kichwa, nafasi ya hewa kati ya kitu chenye umeme na bati haizidi sana sentimita 30. Korongo wetu, hawa wenye kipara wanaosubiri utumbo wa samaki pale soko la Mwaloni, mabawa yake yakikunjuliwa hufika mita mbili na nusu. Hahitaji hata kutua vibaya. Na kinyesi chake juu ya vikombe vya kauri vinavyozuia umeme, kikilowa manyunyu, ni njia ya umeme. Kwa hiyo sehemu zenye umeme juu ya paa zivalishwe kinga, vikombe vioshwe kwa ratiba, na kila kukatika kwa breka kichwa kikiwa kimeegeshwa kuandikwe pamoja na kilichokutwa juu ya paa, hata kama ni manyoya tu. Radi tumeizoea mno hadi tunaisahau: ziwa hili ni kati ya sehemu zinazopigwa na radi zaidi duniani, na kinga za radi za paani zikaguliwe baada ya kila msimu wa mvua.

Baada ya haya yote, kitabu. Daftari la hitilafu la kichwa cha majaribio si lile la "inveta imegoma, imerekebishwa". Liandike saa, kilomita ya njia, volti za waya, mwendo, mzigo, joto la nje, toleo la programu, na dereva alichokiona au kukisikia kwa maneno yake mwenyewe. Hitilafu iliyotoweka baada ya kuzima na kuwasha tena iandikwe kwa wino uleule. Ikifika mara ya tatu kwenye kilomita ileile, tafuteni njiani, msitafute ndani ya kichwa. Na mkirekebisha, badilisheni kitu kimoja kwa wakati. Mkibadilisha filta na programu usiku mmoja na kesho mota ikapoa, hamjui kilichoipoza.

Muwe waangalifu pia na furaha ya namba. Kichwa kikikimbia kilomita 50,000 bila kukwama, mtu atasimama kutangaza kwamba kinakwama si zaidi ya mara moja kwa kilomita 50,000. Hesabu haimruhusu. Pale ambapo hakuna hitilafu hata moja, ukitaka uhakika wa asilimia 95, unagawa kilomita zako kwa tatu: unachoweza kudai ni kukwama si zaidi ya mara moja kwa kila kilomita 16,700 hivi. Ndiyo maana majaribio yanachukua muda mrefu kuliko mkubwa yeyote anavyopenda. Ujerumani ilipoleta mfumo wa mota zisizo na brashi kwenye vichwa vya Baureihe 120, vitano vya kwanza vilianza mwaka 1979. Vya uzalishaji kamili, 60, vilianza kutoka mwaka 1987.

Waingereza nao walitengeneza kichwa nambari 6701 huko Doncaster mwaka 1941, nyaya za njia yake zikiwa hazijakamilika kwa sababu ya vita. Badala ya kukiacha kioze bandani, mwaka 1947 wakakiazima kwa Waholanzi, waliokuwa na volti za aina ileile na upungufu wa vichwa. Kikavuta treni zao hadi 1952, Waholanzi wakakiita Tommy, na yaliyojifunzwa yakanufaisha vichwa 57 vilivyofuata. Sisi ambao kipande chetu bado kinajengwa tuna jirani mwenye nyaya zenye umeme tayari, kuanzia Dodoma kushuka. Madereva na mafundi wa kanda hii wapelekwe huko wakahesabu filta na magurudumu, kabla kichwa cha kwanza hakijaonekana hapa jirani, Fela.

Kile kipande cha kaboni kimefika wapi? Kilete mbele, dada yangu, asante.

Tazameni. Waya wa treni haupiti katikati ya njia moja kwa moja. Umevutwa kushoto na kulia, kwenye sehemu nyoofu kama milimita 200 kila upande, ili usisugue mahali pamoja. Hapa katikati uso ni wa kijivu, laini, umeliwa sawasawa. Hapo waya uko vizuri. Kungekuwa na mfereji mwembamba tungejua kuna nguzo zimefungwa bila kuvuta waya pembeni. Hii kona iliyomegeka imegonga kitu kigumu, pengine kibano kwenye makutano ya njia. Ndani, hili tundu dogo ni la hewa: kaboni ikipasuka hewa inavuja na pantografu inashuka yenyewe kabla haijararua waya.

Sasa oneni upande wa kushoto, haya mashimo meusi. Hizo ni cheche. Kila shimo ni pale kaboni ilipoachana na waya kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kwa kuwa yako upande mmoja tu, huu hauonekani kuwa ugonjwa wa waya. Kichwa cha pantografu kimeinama. Kabla hamjampigia simu mtu wa nyaya, shusheni pantografu, kateni umeme, fungeni waya wa ardhi, pandeni juu na mkaze springi ya upande huo. Kisha mpime tena zile nyutoni 70, ikipanda na ikishuka.